Ubao wa Amani wa Bellevue

Mama na rafiki yake waliacha kusemeshana kwa sababu ya gauni, na mimi nikaamua kuwapatanisha kwa kifaa cha ibada ambacho Ulaya ilikwisha kukisahau karne nyingi zilizopita. Sasa naona kulikuwa na njia fupi zaidi. Wakati ule sikuiona, kwa sababu mimi njia fupi hunitia wasiwasi.

Tunakaa Observatory, nyumbani kwa baba. Baba ni wa hapa hapa Afrika Kusini. Aliishi uhamishoni Morogoro, akaoa huko, na nchi ilipofunguka akarudi na mke. Kwa hiyo mama ni Mtanzania aliyeishi Johannesburg muda mrefu kuliko alivyoishi kwao. Watoto wengi wa watu kama sisi wanakisikia Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mimi mama alikataa kunipakulia chakula kwa lugha nyingine yoyote, basi Kiswahili nilikijua kwa njaa.

Rafiki yake ni fundi cherehani kutoka Bukavu. Namwita mamdogo, ingawa hatuna undugu. Alikuwa amepanga chumba cha mbele katika nyumba ya zamani pale Bellevue, moja ya zile nyumba zilizogawanywa vyumba mpaka jiko likawa chumba cha mtu na veranda ikawa saluni. Mama ana majirani wengi, ana watu wa kanisani, ana shemeji zake wa Soweto wanaompenda. Lakini mtu wa kukaa naye mchana kutwa bila kueleza utani wake alikuwa mmoja tu. Mamdogo akishona, mama alikuwa anakaa kwenye kiti cha wateja, anapindua magauni ya watu na kuyatolea maoni.

Siku ya ugomvi nilikuwepo. Akina mama wa misa ya Kiswahili walikuwa wanapimwa kitenge cha sare, chumba kimejaa. Mamdogo alizungusha utepe kiunoni mwa mama, akautazama, akauzungusha tena. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamtazama mama kuanzia juu mpaka chini.

“Dada,” akasema, “ule mutu nilipima mwaka jana, ako wapi?”

Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka, nikakatisha nilipoona uso wa mama. Mama alivaa koti juu ya kitenge kilichokuwa bado na pini, akasema asante, akatoka. Nyumbani alizichomoa pini hizo moja moja na kuziweka kwenye kisosi. Kitenge kilirudishwa kwa mkono wangu. Jibu la mamdogo, kwamba alikuwa anacheza tu na kwamba mama anamjua, pia lilipita kwa mkono wangu, na mama akalipokea kama mtu anayepokea karatasi ya matangazo barabarani.

Ningewaacha wapoe wenyewe. Lakini baada ya wiki chache mwenye nyumba wa Bellevue aliuza nyumba, na mamdogo akapata chumba Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Turffontein si mbali. Unapanda taksi, ndiyo daladala ya hapa, mpaka mjini, unashuka, unavuka, unapanda nyingine. Lakini ni umbali unaowatosha watu wawili wenye kiburi kuzeeka bila kuonana tena. Nilimpa mama habari hizo akiwa anakatakata mboga. Alisema, “Mungu amjalie,” kwa sauti anayoitumia kwa wanasiasa. Kisha akasimama dirishani, kisu mkononi, kwa muda mrefu kuliko mboga zilivyohitaji.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri, na mimi nikianza sijui kuacha. Ni mtu ambaye kwenye robot, zile taa za njia panda, kijani kikishawaka, hujiuliza kwanza kama ni kijani changu. Isitoshe nilikuwa na muda. Nilikuwa nimemaliza shahada ya pili, natuma maombi ya kazi, napokea kimya. Tasnifu yangu ilihusu vitu walivyovishika Wakristo wa Ulaya ya zama za kati walipokuwa wakisali: tasbihi za mfupa, vyetezo, beji za madini ya risasi ambazo mahujaji walizishonea kofiani. Baba, kila akinitambulisha kwa watu, alikuwa akisema nimesomea historia, na kuishia hapo.

Miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na kimoja nilichokipenda kupita vyote. Ni ubao mdogo, wa mti au wa shaba au wa pembe, wenye mpini nyuma na picha mbele: Yesu msalabani, au Mwanakondoo. Hapo kale Wakristo walipeana amani kwa kubusiana. Baadaye likaonekana jambo la aibu, basi wakatengeneza ubao. Padre anaubusu, kisha unapitishwa, na kila mtu anabusu pale pale alipobusu mwenzake. Amani inatembea kutoka mdomo hadi mdomo bila mtu kumgusa mtu.

Sasa fikiria kanisa letu. Misa ya Kiswahili husaliwa mara moja kwa mwezi, Wakongomani upande wa kulia, Watanzania na Wakenya upande wa kushoto, Warundi popote palipobaki. Zamani wakati wa amani ulikuwa vurugu tupu, watu wanavuka njia ya katikati kwenda kupeana mikono na kukumbatiana. Tangu ule ugonjwa wa dunia nzima, tuliacha kushikana, na hata ugonjwa ulipopungua uvivu ulibaki. Tunainamiana tu kutoka mbali. Mama na mamdogo, ambao zamani walikaa benchi moja, sasa kila mmoja alikuwa upande wake, na amani ikifika mama humwinamia kidogo sana, kama anamsalimu balozi wa nchi isiyo na mafuta.

Nikaona wazi kabisa: kinachokosekana ni ubao.

Padre wetu ni Mkongomani mrefu anayesikiliza akiwa amefumba macho, kiasi kwamba huwezi kujua kama anaomba au amelala. Nilimweleza yote, pamoja na mambo ambayo hakuyauliza. Niliposema kwamba ubao ulikuwa wa kuleta amani, alifumbua jicho moja.

“Na watu walipatana?”

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeliandikia jambo hilo sura nzima, na ukweli ni kwamba mara nyingine waligombana vibaya sana, kwa sababu kila mwenye cheo alitaka kubusu kabla ya jirani yake. Wengine walishtakiana. Kuna waliotupa ubao chini ukavunjika. Nilimwambia yote hayo, nikaongeza kwamba pia kuna suala la mate.

Padre alicheka mpaka akashika meza. Alisema basi kifaa hicho kimetengenezwa kwa ajili yetu. Aliweka masharti: nisimame pembeni na kitambaa safi na dawa ya mikono, nipanguse kila baada ya mtu, na asiyetaka kubusu aguse kwa vidole tu. Akaniambia tutautumia Jumapili ya kumuaga mamdogo, kwa kuwa ndiye kiongozi wa wanaocheza wakati wa matoleo. Siku hiyo, alisema, tutafuata utaratibu wa kwetu. Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani anasema kuhusu ngoma.

Ubao wenyewe niliutengeneza mezani jikoni. Nilinunua ubao wa kukatia mboga wenye mpini, nikausugua kwa msasa, nikachora. Yesu msalabani niliogopa kumkosea, nikachagua Mwanakondoo. Kondoo si mnyama mwepesi kama anavyoonekana. Manyoya yalinishinda, miguu ikawa mirefu, na jicho nililipaka jeusi ling'ae kwa sababu lilikuwa ndilo kitu pekee kilichokubali. Mama alipita nyuma yangu na kikombe cha chai.

“Huyu mbwa wa nani?”

Nilisema ni Mwanakondoo wa Mungu, padre ameniomba. Aliinama akamtazama vizuri, akasema basi Mwanakondoo amsamehe, Mungu naye ana subira. Baba, ambaye amekulia na kondoo Eastern Cape, aliugeuza ubao huku na huku kwenye mwanga, akaniuliza kama huyu ameshakatwa sufu au anaumwa.

Halafu likaja suala la nani ataanza, na suala hilo lilininyima raha wiki nzima. Nilikuwa nimesoma juu ya watu waliotoana damu kwa ajili ya nafasi ya mbele. Mama akibusu kwanza, mamdogo ataona amedharauliwa siku yake ya kuagwa. Mamdogo akianza, mama ataona ametukanwa mara ya pili. Nilifikiria kutengeneza mbao mbili, nikaogopa kwamba zikiwa mbili zitakuwa za pande mbili, na hapo nitakuwa nimegawanya kanisa. Mwishoni nilipata mpango ambao mpaka leo nauona mzuri. Ubao utaanzia mbele upande wa kushoto, utapita kutoka mkono hadi mkono mpaka benchi la mwisho upande huo, la mama, ambaye hukaa ukingoni kabisa, karibu na njia. Ng'ambo ya njia, ukingoni kabisa, hukaa mamdogo. Mama atakuwa ameshabusu, ameshika ubao mkononi, na hakuna mwingine wa kumpa. Itabidi asimame, avuke hatua mbili, ampe. Amani itavuka njia kwa miguu ya mama mwenyewe.

Jumapili ilifika. Nilikaa mbele, ubao mapajani ndani ya mfuko wa plastiki wa Shoprite, kitambaa mfukoni. Padre alihubiri. Tukasimama tukasali Nasadiki. Nilikuwa nimetulia, kwa sababu kwa hesabu yangu amani ilikuwa bado mbali: yaje maombi, yaje matoleo, ije sala kuu, ije Baba Yetu, ndipo amani. Ndivyo nilivyozoea tangu utoto na ndivyo nilivyoandika kwenye tasnifu.

Lakini katika misa ya Wakongomani mambo hayaendi hivyo. Kwao watu husikiliza kwanza Neno, kisha hutubu, kisha hupeana amani, na ndipo hupeleka matoleo altareni, maana wanasema huwezi kupeleka zawadi ukiwa na kinyongo na ndugu yako. Ni jambo la akili sana. Padre alikuwa ameniambia, na mimi nilikuwa nimeitikia kwa kichwa. Mara naona watu wameinamisha vichwa, wanatubu, padre ananyunyiza maji, kisha ananitazama mimi kwa macho yote mawili.

Nilichomoa ubao. Mfuko wa Shoprite ulipiga kelele kanisa zima. Padre alibusu, nikapangusa, nikampa mtu wa kwanza upande wa kushoto, kwaya ikaanza wimbo wa amani. Ndipo nilipogeuka kumtazama mama, na nafasi ya mama ilikuwa tupu.

Nilijua aliko kabla sijamwona. Mama ndiye mbebaji wa kikapu cha matoleo kwa upande wetu, na kwetu wabebaji hutoka wakati wa Nasadiki kwenda kujipanga nyuma, mlangoni. Mamdogo naye hakuwa mahali pake. Kiongozi wa wachezaji huanzia mlangoni. Walikuwa wamesimama huko nyuma wote wawili, kila mmoja akitazama mbele kama yuko peke yake kwenye foleni ya benki.

Ubao ulipita benchi hadi benchi, nami pembeni na kitambaa. Watoto walikuwa wanauliza kwa Kiingereza kwa nini tunambusu mbwa. Mzee mmoja aliubusu akaurudia. Mwishoni watu wote walikwisha, kulia na kushoto, na ubao ukarudi mikononi mwangu mwisho wa kanisa, mbele ya mama na mamdogo.

Mama alikuwa amebeba kikapu cha ndizi, mananasi na pakiti za unga kwa mikono yote miwili. Mamdogo alikuwa na kuku kwapani, jogoo mwekundu wa wale wanaouzwa hai kwenye kona na ambao wenyeji huwaita hardbody, mwili mgumu, maana nyama yao haikubali kuiva. Niliuinua ubao katikati yao. Nilisubiri vita niliyoisoma: nani atajitupa mbele.

“Mpe yeye kwanza,” mama akasema, akiniambia mimi. “Yeye ndiye anayeagwa.”

“Haiwezekane,” mamdogo akasema, naye akiniambia mimi. “Dada ni mukubwa. Mukubwa anaanza.”

“Mkubwa wa nini? Wa kiuno?”

“Miye sikusema vile.”

“Ulisema mbele za watu.”

“Basi mbele za watu tena, anza weye.”

Hapo nilielewa kosa langu, na lilikuwa kosa la mtu aliyesoma sana juu ya Wazungu waliokufa. Wale waligombania kutangulia kwa sababu wa kwanza alikuwa mwenye cheo. Hawa wawili, wametoka kwenye toba dakika hiyo hiyo, macho ya kanisa yako usoni mwao, kila mmoja alijua kwamba atakayeanza ndiye anayeomba msamaha, na anayeomba msamaha ndiye mwenye makosa. Walikuwa tayari kusimama pale mpaka Krismasi. Kwaya ilimaliza wimbo, ikatazama nyuma, ikaurudia tangu mwanzo. Ikaumaliza tena. Mpiga ngoma alitandika kwa upole kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Padre alifumba macho.

Nilikuwa natafuta neno la kusema, nikijua kila neno litaonekana limeegemea upande mmoja. Kama wangetoka kanisani vile, gari lingekuja Jumamosi kubeba vyombo vya mamdogo, na mimi ningekuwa nimewapa mashahidi wa kiburi chao, kanisa zima.

Jogoo alinyoosha shingo. Alimtazama Mwanakondoo kwa jicho la upande huu, akageuka akamtazama kwa jicho la upande ule. Kisha akadonoa. Alidonoa lile jicho jeusi linalong'aa, ambalo nadhani kwake lilikuwa punje, akalidonoa kwa nguvu hivi kwamba ubao ulitoa sauti.

Mimi, kwa mazoea ya asubuhi nzima, nilitoa kitambaa nikapangusa.

Nafikiri ni kule kupangusa. Mama aliuma midomo. Kikapu kilianza kucheza, nanasi moja likaanguka na kubingirika kuelekea mlangoni, na mama hakulitazama. Mamdogo alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mgongo wa jogoo, mabega yanapanda na kushuka.

“Basi,” alisema alipopata pumzi. “Mwenye makosa ameisha kuomba.”

“Na wa pili?” mama akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno yeye mwenyewe tangu siku ya pini.

“Wa pili haombe kitu. Wa pili anaitika tu.”

“Basi mimi ni wa pili.”

“Tuko wa pili wote.”

Mama hakuwa na mkono wa kushika ubao, nami nilikuwa nimeshauteremsha kwa kucheka, basi mamdogo aliuchukua kwa mkono wake mtupu akauinua mpaka mdomoni mwa mama, taratibu, kama unavyomnywesha mtu uji. Mama akabusu. Mamdogo akaugeuza upande wake akabusu pale pale, juu ya rangi ya mdomo ya mama. Nilinyoosha kitambaa na wote wawili walinitazama kwa namna iliyonifanya nikirudishe mfukoni. Ngoma ililipuka, na walikwenda mbele wakicheza bega kwa bega, jogoo akipiga kelele.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, mama aliniambia nisijifanye nimefanya kitu. Hajamsamehe mtu. Amembusu kondoo, na kondoo mwenyewe hana sura. Nilikubali. Usiku huo nilijilaza nikiyachambua maneno hayo, neno kwa neno, nikaona kwamba inawezekana kabisa ni ya kweli: kicheko ni kicheko, na watu hucheka pamoja wakaachana vile vile. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hakuna aliyempigia mwenzake simu. Nilijua, kwa sababu nilikuwa naichungulia simu ya mama.

Jumamosi asubuhi mama alitoka bila kuaga. Nilimfuata mpaka Bellevue, kwa mbali, nikijificha nyuma ya miti ya barabarani kama mpelelezi wa bei rahisi. Bakkie, pikapu ya kuhamisha vyombo, ilikuwa imeegeshwa nje, godoro juu, cherehani imefungwa kwa kamba. Mama alikuwa amesimama kando ya dereva, anamwambia kwamba kamba ile haifai. Kisha akafungua mlango, akaingia mbele, akasogea katikati ili mamdogo apate nafasi, na gari likaondoka.

Hakurudi mchana. Hakurudi alasiri. Nilimfikiria akiwa amekwama mjini kwenye stendi ya taksi, nikafikiria wamegombana njiani akashuka kwa hasira, nikafikiria mambo mengine ambayo sitayaandika. Mwishowe nilipiga simu. Aliipokea kwa sauti ya mtu aliyeingiliwa kazini.

Nilimuuliza kama yuko salama. Akasema cherehani lazima ikae dirishani kwenye mwanga, na kuna mtu hapa, hana akili, anataka kuiweka nyuma ya mlango ambako atapofuka. Nyuma yake nilisikia mamdogo akimjibu kwa kirefu, Kiswahili na Kifaransa pamoja, kwamba dirishani kuna upepo, na kwamba nyumba hii ni ya nani, na kwamba kama mutu anataka dirisha ahamie yeye. Mama alimwambia hata bure hahamii, paa lenyewe linavuja. Walisahau kwamba niko kwenye simu. Nilisikiliza kidogo, kisha nikakata.

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Aliniuliza wanaendeleaje huko.

“Wanagombana,” nikasema.

“Sharp,” akasema baba, yaani safi, akaenda kuweka birika.